Kwa Nini Tunafuata Wanachofanya Wenzetu? Saikolojia ya Jamii kwa Mama na Mlezi

Muuguzi wa kliniki amekueleza kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi atimize miezi 6, isipokuwa dawa alizoandikiwa na mhudumu wa afya. Umeelewa na umekubali. Unarudi nyumbani, mama mkwe anasema mtoto ana kiu. Jirani anasema wa kwake walipewa maji na wamekua. Baada ya siku chache, nawe unampa mtoto kijiko cha maji.

Ulichofundishwa hujakisahau. Ila ni vigumu kwenda kinyume na watu unaoishi nao.

Saikolojia ya jamii ni nini?

Ni sayansi inayochunguza jinsi mawazo, hisia na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na watu wengine, wakiwemo wale anaohofia tu kwamba watamsema. Kuielewa kunakusaidia kujua lini uamuzi ni wako na lini umesukumwa.

Watafiti hufanyaje kazi?

- Kuuliza. Hutumia mahojiano au dodoso. Ni njia rahisi, lakini mtu anaweza kutoa jibu linalompendeza anayeuliza.
- Kutazama. Huangalia watu wanavyofanya nyumbani au kliniki. Tatizo ni kwamba anayejua anatazamwa huweza kubadili mwenendo.
- Kufanya jaribio. Makundi mawili hupewa mambo tofauti, kisha matokeo hulinganishwa. Makundi yakigawanywa kwa kura, ni rahisi zaidi kujua kilicholeta tofauti.

Akina mama wa Iowa

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kurt Lewin alitafuta njia ya kuwafanya akina mama wa Marekani wapike nyama walizozidharau, kama moyo na figo. Baadhi walisikiliza mhadhara. Wengine walikaa kikundi, wakajadili vikwazo, kisha wakaamua pamoja. Waliosikiliza mhadhara, ni asilimia 3 tu waliopika nyama ambayo hawakuwahi kuipika kabla. Katika vikundi ilikuwa asilimia 32.

Jaribio kama hilo lilifanywa kwa akina mama waliojifungua mtoto wa kwanza katika hospitali moja huko Iowa. Walishauriwa kuwapa watoto mafuta ya ini la samaki na maji ya machungwa. (Ushauri wa leo ni tofauti: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6.) Waliojadiliana katika vikundi vya watu 6 walifuata ushauri zaidi ya walioelezwa mmoja mmoja.

Nguvu ya mwenzako mmoja

Katika miaka ya 1950, Solomon Asch aliwaonyesha wanafunzi mistari na kuwauliza upi unalingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi. Lakini wengine chumbani walikuwa wamepangwa na mtafiti kutoa jibu moja la makosa. Takriban theluthi moja ya majibu ya waliochunguzwa yalifuata kosa la wengi. Alipokuwepo mtu mmoja tu aliyesema ukweli, hali hiyo ilipungua sana.

Kutoka chumba cha utafiti hadi kijijini

Katika wilaya ya Makwanpur, Nepal, maeneo yalichaguliwa kwa kura. Katika baadhi, wanawake walikutana kila mwezi, wakiongozwa na mwanamke wa hapo hapo, kujadili matatizo ya uzazi na kuyatafutia suluhisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Penye vikundi, watoto waliofariki katika mwezi wa kwanza walikuwa takriban 26 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Pasipo vikundi walikuwa 37. Mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vikundi vya aina hii, hasa vijijini ambako huduma ni chache.

Ukisikia "utafiti unasema", uliza:

- Walichunguzwa watu gani? Asch alichunguza wanafunzi wa kiume wa Marekani. Mama wa kijijini kwako huenda akawa tofauti.
- Kulikuwa na kundi la kulinganisha?
- Makundi yaligawanywaje?

Ukiombwa kushiriki utafiti, una haki ya kuelezwa, kukataa, au kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma.

Unachoweza kufanya

- Nenda kliniki na mama mkwe, bibi au baba wa mtoto, ili naye amsikie muuguzi mwenyewe.
- Tafuta mtu mmoja anayekubaliana nawe: dada, rafiki, au mhudumu wa afya ya jamii. Mpigie simu maneno yanapozidi.
- Jiunge na kikundi cha akina mama. Useme uamuzi wako mbele ya wenzako.
- Jirani yako akipata mtoto, kuwa wewe huyo mtu mmoja wa upande wake.

Wanaokushauri vibaya nyumbani mara nyingi wanampenda mtoto kama wewe. Waheshimu, wasikilize, kisha muulizeni pamoja mhudumu wa afya. Na kama ulishampa mtoto maji, usijilaumu. Acha kumpa, endelea kumnyonyesha, na zungumza na muuguzi mapema.