Twiga, Kasuku na Basi la Same

Tarehe 29 Novemba 2012 kampuni ya Fastjet ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Ndege zake zilikuwa Airbus A319 zilizochorwa kasuku mkiani, na tiketi ya bei ya chini kabisa ilitangazwa kuwa Sh32,000 kabla ya kodi na tozo. Kwa mtu wa Same bei hiyo ilikuwa na maana yake. Haikuwa mbali na nauli ya basi zuri la Dar es Salaam kwenda Arusha, lile linalokata kona Segera, likapita Mombo na Hedaru, likashusha watu wa Upareni hapo Same, kisha likaendelea Mwanga na Moshi. Wakuu wa Fastjet hawakuficha kwamba walikuwa wakiwatafuta hasa abiria wa mabasi.

Kumshinda twiga, nembo ya Shirika la Ndege la Tanzania, ATCL, wakati huo haikuwa kazi. Miezi saba kabla, tarehe 9 Aprili, ndege yake ya Dash 8 ilianguka ikijaribu kuruka Kigoma. Waliokuwamo walinusurika wote, lakini safari za shirika zilikuwa zimeegemea ndege hiyo, na ilibidi likakodi nyingine ndipo lirudi angani.

Upareni walishaliona jambo la namna hii, ila ardhini. Reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911, inapita tambarare chini ya milima, na Same ni stesheni yake. Kwa vizazi kadhaa treni ndiyo iliyokuwa njia ya kutoka. Barabara ya lami ilipokuja na mabasi yakaongezeka, treni ya abiria ilizidi kudorora, ikasimama miaka ya 1990, na haikupiga honi ya abiria tena hadi Desemba 2019. Basi halikuwa na raha kuliko behewa. Lilikuwa na jambo moja tu: likikosekana la saa moja asubuhi, la saa mbili lipo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema shirika la taifa lilishindwa kwa sababu nauli yake ilikuwa juu. Nauli huja mwisho. Shirika kongwe huachwa siku linaposhindwa kutimiza ratiba yake, na mwenye bei ndogo anapofika hukuta abiria wamekwisha kuondoka.

Chanzo ni cha zamani. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kuruka mwaka 1946, lilikuwa mali ya nchi zetu kwa pamoja, likifika mpaka London kwa ndege zake za Super VC10. Makao yake makuu na karakana kubwa vilikuwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika likafa, Kenya ilibaki na kituo hicho mlangoni mwake, ikaanzisha Kenya Airways mara moja. Tanzania iliunda Shirika la Ndege Tanzania, ATC, mwezi Machi mwaka huohuo. Mgawanyo wa mali za Jumuiya ulikuja kusainiwa mwaka 1984 chini ya msuluhishi Victor Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kwa miaka hiyo saba ATC ilikuwa tayari inahangaika kuruka kwa kilichopatikana.

Kilichopatikana kilikuwa kichache. Kulikuwa na Fokker na Twin Otter za safari fupi, na Boeing 737-200 mbili za safari ndefu. Hesabu ya ndege mbili ni kali. Moja ikienda ng'ambo kwa matengenezo makubwa, nusu ya safari za jeti imekufa. Iliyobaki ikipasuka tairi Mwanza, abiria wa Kilimanjaro analala uwanjani, na wa Dar es Salaam anaambiwa arudi kesho. Hakuna ndege ya akiba ya kuziba pengo, kwa hiyo kosa la asubuhi linasafiri mpaka usiku. Wakati huohuo rubani analipwa, fundi analipwa, ofisi za mikoani zinalipwa. Shirika la umma lilitakiwa kufika kila pembe ya nchi, iwe abiria wamejaa au ni sita. Ulikuwa wajibu wa heshima, nami siubezi. Lakini ulikuwa wajibu usio na fungu lake.

Miaka ya 1990 anga ikafunguliwa kwa wenye mitaji binafsi. Precision Air ya Michael Shirima ilianzia Arusha, na baadaye ikachagua ndege za ATR zenye mapangaboi, zisizokula mafuta mengi, zikaingia viwanja vya mikoani bila shida. Mwaka 2003 Kenya Airways ikanunua asilimia 49 ya kampuni hiyo. ATC nayo ilikwisha kupata mwenza: Desemba 2002 Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilikubali kununua asilimia 49, na ATC ikawa ATCL. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 2006, Serikali ikarudishiwa shirika lenye hasara na karibu halina ndege yake yenyewe.

Kilichofuata kinaumiza kukiandika. Mwaka 2007 ATCL iliingia mkataba wa kukodi Airbus A320 kutoka kampuni ya Wallis Trading. Ndege ilifanya kazi miezi michache, ikapelekwa nje kwa matengenezo, na deni lake likaendelea kukua miaka mingi baada ya abiria wa mwisho kushuka. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ililinyang'anya shirika cheti cha kurusha ndege kwa sababu za usalama. Siku hizohizo chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kililitoa kwenye mfumo wake wa malipo kwa sababu ya madeni. Hilo la pili huwa halisemwi sana, nalo lina uzito wake. Mashirika huuziana tiketi kupitia mfumo huo, kisha hulipana. Ukitolewa, mtalii anayetoka Amsterdam kwenda Zanzibar hawezi kukatiwa kipande chako cha safari, na wakala wa tiketi anakukwepa. Cheti kilirudi mwanzoni mwa 2009. Imani ya abiria haikurudi pamoja nacho.

Sasa mtazame kasuku. Fastjet haikubuni kitu. Southwest ya Texas, iliyoanza kuruka mwaka 1971, ndiyo iliyofundisha dunia mtindo huu kwa Boeing 737 peke yake, na easyJet ya Stelios Haji-Ioannou, ambaye jina lake lilikuwa nyuma ya Fastjet pia, ikauendeleza Ulaya kuanzia 1995. Aina moja ya ndege maana yake ghala moja la vipuri, mafundi wa somo moja, na rubani yeyote anaweza kukaa kwenye ndege yoyote. Ndege ikitua haizubai: abiria wanashuka, wengine wanapanda, inaondoka. Kodi ya ndege hulipwa kwa mwezi, iruke isiruke. Anayeirusha mara sita kwa siku anaigawa kodi hiyo kwa abiria mara mbili ya anayeirusha mara tatu. Punguzo la nauli hutoka hapo.

Fastjet iliongeza la kwetu: tiketi ililipiwa kwa M-Pesa, Tigo Pesa au Airtel Money. Mtu asiye na kadi ya benki aliweza kukata tiketi akiwa sokoni. Kampuni ilisema kwamba theluthi hivi ya abiria wake walikuwa hawajawahi kupanda ndege maishani. Hilo ni jambo kubwa, na yeyote anayejali usafiri wa nchi hii anapaswa kuwashukuru kwalo.

Hata hivyo, Same ndipo hesabu ya kasuku ilipokwama. Uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, uko kati ya Moshi na Arusha, karibu kilomita 150 kaskazini-magharibi ya Same. Anayekwenda Dar es Salaam inabidi kwanza asafiri saa mbili na zaidi kwa basi, tena akiupa mgongo mji anaokwenda. Kama anatoka Mbaga, Suji au Gonja, ameshateremka mlimani tangu alfajiri. Ndege yenyewe inachukua saa moja na dakika chache, lakini ukijumlisha gari la kumfikisha uwanjani, kusubiri, na teksi ya Dar es Salaam, basi la moja kwa moja haliko nyuma sana.

Kisha kuna mzigo. Mama anayekwenda kumwona mwanawe aliyejifungua Mbagala haendi mikono mitupu. Ana mkungu wa ndizi, nusu gunia la mchele wa Ndungu, tangawizi ya Mamba Miamba kwenye mfuko wa salfeti. Kondakta anaangalia, anasema, "Mama, huu utaulipia kidogo," wanakubaliana, mzigo unaingia kwenye buti. Kwenye ndege ya bei nafuu begi la kupakia lina bei yake, na mkungu hauna pa kuandikwa. Halafu nauli ya Sh32,000 ilikuwa ya anayekata mapema. Msiba hautoi taarifa ya wiki tatu. Anayekimbilia maziko hukata tiketi ya kesho, na tiketi ya kesho ndiyo ghali kuliko zote.

Kasuku naye hakudumu. Ndege na mafuta hulipiwa kwa dola, tiketi huuzwa kwa shilingi, na mwaka 2015 shilingi ilishuka vibaya. Juu ya nauli ndogo kuna kodi na tozo za kiwanja, na nauli ikiwa ndogo, tozo ndizo zinazoonekana kubwa. Mwaka 2016 uongozi ulibadilishwa, A319 zikarudishwa, zikaja Embraer 190 ndogo zaidi. Novemba 2018 biashara ya Tanzania ilihamishiwa kwa waziri wa zamani Lawrence Masha. Mwezi uliofuata, kampuni ikiwa na madeni, Mamlaka ikatoa notisi ya kuifutia leseni, na haikuruka tena hapa.

Twiga alikuwa amesimama upya. Septemba 2016 Serikali ya Rais John Magufuli ilipokea Bombardier Q400 mbili, mwaka 2018 ikaja Boeing 787, kisha Airbus A220. Zilimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL ikazikodi. Leo shirika lina Q400, A220, 737 MAX, 787 na 767 ya mizigo: aina kadhaa katika kundi dogo, kila moja na mafundi wake na vipuri vyake. A220 zilipopata tatizo la injini, lililosumbua mashirika mengi duniani, baadhi zilikaa chini muda mrefu, na ratiba ikarudia ugonjwa wa zamani. Kwa mwaka 2022/23 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, alitaja hasara ya Sh56.6 bilioni. Kwa 2023/24 ilifika Sh91.8 bilioni, licha ya ruzuku ya karibu Sh100 bilioni.

Kenya Airways, iliyoanza safari mwaka mmoja na ATC, iliunda Jambojet mwaka 2013 ili ijishindanie yenyewe kwa bei nafuu kabla hajaja mwingine. Nao wana madeni makubwa, lakini Jambojet inaruka. Kwetu ndege mpya bado zinapokewa kwa ngoma uwanjani. Napendekeza kwanza jambo la gharama ndogo: ATCL itangaze kila mwezi, kwa kila njia, ni safari ngapi ziliondoka kwa wakati, ngapi zilichelewa zaidi ya saa moja, na ngapi zilifutwa. Ruzuku inatoka kwenye kodi ya mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba pia, na takwimu hizo ana haki ya kuziona hata kama bado anapanda basi.