Namna chanjo ya Ebola inavyoufunza mwili kujikinga

Tarehe 20 Septemba 2022, Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola katika wilaya ya Mubende. Ng'ambo ya mpaka, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, chanjo ya Ebola iitwayo Ervebo ilikuwa imekwisha kutolewa kwa watu zaidi ya 300,000 wakati wa mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020. Hata hivyo, haikutumika Mubende. Sababu yake imo katika jinsi mwili wa binadamu unavyojifunza kumtambua adui.

Kirusi cha Ebola kimezungukwa na protini ambayo kwake ni mfano wa ufunguo: ndiyo inayokiwezesha kuingia ndani ya seli. Watengenezaji wa Ervebo walichukua kirusi kingine, kinachoshambulia ng'ombe na farasi, wakaiondoa protini yake ya juu na kuweka mahali pake ile ya Ebola ya aina ya Zaire. Anayechanjwa, basi, hapewi Ebola. Huonyeshwa sura yake tu.

Sindano ikishadungwa, kirusi hicho kilichodhoofishwa huzaana kwa muda mfupi. Seli za ulinzi hukimeza, kisha hubeba vipande vya protini ile hadi kwenye tezi za limfu, kama zile za kwapani. Humo mna seli nyeupe za damu za aina nyingi mno, kila aina ikiwa tayari kukamata umbo moja. Zile zinazolingana na umbo lililoletwa huamka na kuongezeka. Baadhi yake hutoa kingamwili, ambazo hung'ang'ania ule ufunguo hata usiweze kufungua seli. Za kundi jingine huua seli zilizokwisha kuambukizwa. Chache hubaki kama kumbukumbu, ili siku adui wa kweli akija, mwili usianze upya.

Kazi hiyo yaweza kuleta homa, maumivu ya kichwa na ya viungo. Kwa kuwa Ebola nayo huanza kwa homa, ni rahisi mtu kudhani kwamba chanjo imemletea ugonjwa. Tena kinga huhitaji takriban siku 10 kukomaa, hivyo aliyeambukizwa kabla ya kuchanjwa bado anaweza kuugua. Ndiyo maana waliokutana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, hata wakiwa wamechanjwa. Kwa kawaida huchanjwa wao kwanza, kisha wale waliokutana nao, hadi mgonjwa azungukwe na watu wenye kinga.

Huko Mubende kirusi kilikuwa cha aina ya Sudan. Ni ndugu wa kile cha Zaire, lakini protini yake ya juu ina umbo tofauti, na kingamwili zilizofunzwa na Ervebo hazikitambui ipasavyo. Uganda ilitegemea kuwatenga wagonjwa, kuwafuatilia waliokutana nao na kuzuia safari za Mubende na Kassanda, hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023. Watu 55 kati ya 142 waliothibitishwa kuambukizwa walifariki dunia.

Aina hiyo hiyo ilipozuka Kampala mwishoni mwa Januari 2025, majaribio ya chanjo mpya yalianza katika muda wa siku chache. Chanjo hiyo imeundwa kwa njia ile ile ya Ervebo, ila imebeba protini ya kirusi cha Sudan.