Shingo ikinyooshwa kwa upasuaji, mgonjwa anarudi nyumbani na nini?

Unamkuta mtu kituoni Mbagala Rangi Tatu, kidevu kimekaribia kifua, na ili akuone usoni inabidi arudishe mwili mzima nyuma. Wapita njia wanadhani amezaliwa hivyo. Mara nyingi sivyo. Shingo inaweza kupinda ukubwani, na inaweza kunyooshwa kwa upasuaji. Ila swali la ndugu waliokaa kwenye benchi la kliniki ni moja tu: akishapasuliwa, atakuwaje?

Jibu fupi ni kwamba wengi hupata nafuu ya kweli, wachache hurudi kama walivyokuwa zamani, na karibu nusu hukutana na tatizo fulani njiani. Jibu refu linategemea sana mtu aliingia hospitali akiwa na hali gani.

Shingo inapindaje ukubwani?

Shingo ina pingili saba. Katikati yake unapita mshipa mkuu wa fahamu, unaopeleka amri mikononi, miguuni na hadi kwenye kibofu. Pingili zikisagika kwa umri, zikiliwa na TB ya mifupa au zikihama kwa ajali, kichwa huanza kuinamia mbele. Wapo pia ambao tatizo huanza miaka kadhaa baada ya upasuaji wa zamani wa shingo.

Kwa Dar es Salaam, ajali ndiyo ya kuangalia zaidi. Bodaboda, gari, kuanguka kutoka juu ya mti au kwenye jengo linalojengwa. Pingili iliyohama isiporudishwa mapema huganda pale pale ilipohamia, na kinachobaki ni shingo iliyopinda na mshipa uliobanwa. TB ni habari nyingine: dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, na ikigundulika mapema wagonjwa wengi hupona bila kisu.

Dalili za mshipa kubanwa huanza kimyakimya. Vifungo vya shati vinagoma. Chenji inadondoka mkononi. Kuandika meseji kunakuwa kazi. Mtu anatembea kama amelewa na hajagusa kitu. Wengi huishia kununua dawa ya maumivu duka la dawa na kuchuliwa. Hapa niseme wazi: shingo yenye dalili hizi usikubali ivutwe wala kukandwa na mtu yeyote kabla ya kupigwa picha.

Kinachofanyika chumba cha upasuaji

Mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi, daktari anaingilia mbele ya koo, nyuma ya shingo, au kote kuwili. Anaondoa kinachobana mshipa, ananyoosha pingili, kisha anazifunga kwa vyuma na skrubu ili zishikane ziwe mfupa mmoja. Vyuma hivyo kwa kawaida havitolewi. Mfupa wenyewe huchukua miezi kushika, na sigara huuchelewesha, kwa hiyo mvutaji akiambiwa aache asidhani ananyanyaswa.

Kwa Tanzania, kazi kubwa za namna hii hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pale Upanga. Mgonjwa wa Temeke au Kinondoni kwa kawaida hupitia kwanza hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke au Mwananyamala, ndipo aandikiwe rufaa.

Namba zinasemaje?

Kundi la madaktari wa Marekani liliwafuatilia watu wazima 78 waliofanyiwa upasuaji wa kunyoosha shingo. Kati yao 34, yaani asilimia 43.6, walipata angalau tatizo moja mapema baada ya upasuaji. Lililoongoza ni kumeza kwa shida, asilimia 11.5. Maambukizi ya ndani ya kidonda yalikuwa asilimia 6.4, na asilimia hiyo hiyo walipata udhaifu mpya wa bega, mkono unagoma kunyanyuka. Namba hizi zinatisha ukizisoma usiku. Ila kumeza kwa shida mara nyingi hupungua kadiri wiki zinavyokwenda, na wengi wa wenye mkono dhaifu hurudisha nguvu baada ya miezi.

Madaktari hao hao waliangalia pia hali baada ya mwaka mmoja, kwa wagonjwa 55 waliobaki kwenye ufuatiliaji. Maumivu ya shingo yalishuka kutoka 6.9 hadi 4.3 katika kipimo cha 0 mpaka 10. Kipimo cha jinsi shingo inavyomzuia mtu kufanya shughuli zake kilishuka kutoka 50.5 hadi 38 kati ya 100.

Soma hapo taratibu. Maumivu yalipungua, hayakuisha. Huyo ndiyo mgonjwa wa wastani, kwenye nchi yenye vifaa vyote. Anayekuahidi kwamba mama atatoka pale akiwa kama binti wa miaka 20 anakudanganya.

Na hapa Dar? Utafiti wa karibu zaidi haukuwa wa shingo zilizopinda polepole, ulikuwa wa walioumia shingo. Ulichapishwa mwaka 2021 na uliangalia wagonjwa 101 waliofikishwa hospitali kuu ya rufaa jijini. Waliopasuliwa walikuwa 25 tu. Nusu yao walisubiri siku 16 au zaidi tangu kulazwa ndipo wakapasuliwa. Kwa jumla walifariki 26: watatu kati ya waliopasuliwa, na 23 kati ya 76 ambao hawakupasuliwa.

Usikimbilie kusema kisu ndicho kilichowaokoa. Waliochaguliwa kupasuliwa mara nyingi walikuwa na afadhali tangu mwanzo, yaani mshipa wao haukuwa umekatika mawasiliano kabisa. Waliopooza kabisa ndio waliokufa zaidi, tena kwa mbali sana. Kuna na jambo la ajabu: waliochelewa kufika hospitali walikufa kidogo kuliko waliowahi. Si kwamba kuchelewa ni dawa. Tafsiri inayoingia akilini ni kwamba wenye hali mbaya zaidi hawakuishi hadi kufika, kwa hiyo waliochelewa wakafika walikuwa ni wale wagumu.

Ndiyo maana mtu akiumia shingo barabarani, mnaomzunguka msimkunje kwenye bajaji wala kumpakata katikati kwenye bodaboda. Alazwe kwenye ubao au kitu kigumu, kichwa kishikwe kilingane na mwili, ndipo asafirishwe.

Nyumbani ndiko kazi iliko

Mgonjwa akiruhusiwa, anarudi Chamazi, Yombo, Tegeta au Bunju, na huko ndiko matokeo yanaamuliwa. Anayetembea ana mitihani midogo: kola ya shingo kwenye joto la Dar, asibebe ndoo, asipande bodaboda mpaka daktari aseme. Choo cha kuchuchumaa kinaweza kumshinda wiki za mwanzo, kwa hiyo tafuteni kiti cha plastiki mkikate tundu. Siyo aibu.

Aliyepooza anahitaji zaidi ya hapo. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo atatoka vidonda vya kulalia. Mpira wa mkojo utunzwe safi. Mgonjwa wa namna hii hauawi na shingo tu, anaweza kuuawa na kidonda cha makalioni, mkojo ulioingia wadudu au kifua kilichojaa. Kazi hii mara nyingi inamwangukia mwanamke mmoja wa nyumba hiyo, mke au dada, ambaye na yeye ana genge lake la nyanya linalomsubiri. Wanafamilia wapangiane zamu mapema, kabla hajachoka.

Mazoezi ya viungo yasiachwe. Kama nauli ya kwenda Upanga kila wiki ni mzigo, muulizeni daktari kama mgonjwa anaweza kufanyia mazoezi hospitali ya karibu. Na kama bili imewashinda, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo pa kuanzia, siyo kutoroka na mgonjwa.

Homa, usaha kwenye kidonda, mkono au mguu kulegea upya, kupumua kwa shida, au kichwa kuanza kuinama tena: rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Shingo iliyofungwa vyuma inaweza kupinda upya chini ya pale vyuma vilipoishia.

Swali la mwisho ambalo madereva huuliza: nitageuza shingo? Karibu nusu ya kugeuka kwa kichwa hufanyika kwenye pingili mbili za juu kabisa. Kama hizo hazikufungwa, utaangalia kulia na kushoto, ila siyo kwa wepesi wa zamani. Zikifungwa, utageuka na mabega.