Samaki wa Pandeli na Usiku wa 1955
Juu ya lango la Soko la Viungo, Istanbul, upo mgahawa wa Pandeli. Nilikula pale samaki aliyeokwa ndani ya karatasi, kuta zote vigae vya buluu. Mtamu kweli! Wenyewe wanakiita chakula cha Kituruki. Kumbe Pandeli alikuwa Mgiriki, mzaliwa wa Niğde. Septemba 6, 1955, ilivuma habari iliyotiwa chumvi kwamba nyumba alikozaliwa Atatürk, huko Thessaloniki, imelipuliwa. Makundi yakavamia maduka ya Wagiriki wa Istanbul, na mgahawa wake wa awali ukavunjwa. Mzee akahamia hapa sokoni, akawasha jiko upya. Wenzake wengi, jamani, waliihama nchi. Mapishi yao bado tunayala bila kuwataja.