Doa Jeusi Kwenye Projekta Yangu Lilianza 1888

Wasee, leo ni historia. Usipite kwanza. Hii historia ilinila shilingi elfu nne, na wewe nakupa bure.

Baada ya kuacha campo niliunda projekta yangu mwenyewe. Nilikuwa nimepata ovahedi, ile mashine ambayo walimu wa zamani walikuwa wanawekea karatasi za plastiki. Nikachukua monita ya mtumba, nikatoa taa yake ya nyuma, nikabaki na kioo cha LCD chenyewe, nikakilaza juu ya ovahedi. Mwanga unatoka chini, unapita kwenye picha, lenzi inairusha ukutani. Picha ilikuwa kubwa kama ubavu wa matatu.

Jumapili moja nikaita watu wa plot waje kuona mechi, 40 bob kila mtu. Wakaja 35. Baada ya nusu saa hivi, doa jeusi likatokea katikati ya picha. Lilianza dogo kama sarafu, likakua hadi likameza duara lote la kati la uwanja. Mpira ukifika pale unapotea. Half time nilikuwa narudisha pesa, moja baada ya nyingine, huku watoto wakinicheka.

Kesho yake nikamwonyesha fundi picha niliyopiga na simu. Akaangalia sekunde mbili: "Kijana yangu, hiyo kioo imekufa. Tafuta ingine." Sikuiwasha tena. Nikaiuza kwa mtu wa skrepa kwa kilo, nikanunua monita nyingine kwa 4,000. Hiyo pesa mathe alikuwa amenipa ya kuanzia kulipa deni la fees, nirudi shule.

Monita mpya ikaonyesha picha poa. Dakika 40 baadaye, doa lilelile, mahali palepale.

Nikazima, nikalala na hasira. Asubuhi nikawasha, na doa halikuwepo.

Hapo ndipo nikaanza kusoma, na nikajikuta Prague, mwaka 1888. Kulikuwa na mtaalamu wa mimea anaitwa Friedrich Reinitzer, anachunguza kitu kinachotokana na kolesteroli ya karoti. Akakipasha moto. Kwenye nyuzi 145.5 kikayeyuka, lakini kikawa na ukungu kama maziwa. Akaongeza moto. Kwenye nyuzi 178.5 ule ukungu ukatoweka, kikawa maji safi kabisa. Kikipoa, ukungu unarudi. Yaani kitu kimoja kinayeyuka mara mbili! Akamwandikia mwanafizikia Otto Lehmann, ambaye aliona kwamba ule ukungu ni hali ya katikati: kinatiririka kama kimiminika lakini chembe zake zimejipanga kama fuwele. Ndiyo hiyo fuwele kimiminika, na herufi mbili za kwanza za LCD zinatoka hapo.

Sasa ruka hadi 1968. Kampuni ya RCA kule Marekani inaita waandishi na kuwaonyesha skrini za fuwele kimiminika, kazi ya George Heilmeier na wenzake. Kufikia 1971, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich huko Uswisi wametangaza njia bora zaidi. Unaweka fuwele kati ya karatasi mbili za polaraiza, yaani vichujio vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Vichujio vimewekwa kwa kupingana, kwa hivyo mwanga ungezuiwa wote. Lakini fuwele zimejipanga kama ngazi ya kuzunguka, zinaugeuza mwanga, na unapita. Ukipitisha umeme, ngazi inanyooka na mwanga unazuiwa. Monita nyingi za bei rahisi za mtumba zinatumia hiyo njia.

Tatizo likabaki joto. Mwaka 1973 George Gray na timu yake kule Hull, Uingereza, walitengeneza fuwele imara inayofanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba. Ila ikiwa peke yake, kwenye nyuzi 35 hivi inageuka kimiminika cha kawaida. Ikabidi zichanganywe kadhaa, na mchanganyiko maarufu wa E7 ukafika karibu nyuzi 60. Monita zetu zina michanganyiko ya baadaye, lakini kila mmoja una kikomo chake.

Umeona sasa? Doa langu lilikuwa Reinitzer! Katikati, pale taa inapochoma zaidi, fuwele zilivuka kikomo. Ngazi ikayeyuka, hakuna wa kuugeuza mwanga, vichujio vikaufunga wote. Kioo hakikuwa kimekufa, kilikuwa na joto tu. Ile monita ya kwanza niliiuza kwa kilo ikiwa mzima.

Kwa hivyo kabla ya kumlilia fundi, fanya hivi.

Kwanza zima taa, acha ipoe nusu saa, washa tena. Doa likiisha, ni joto. Tafuta feni ya kompyuta ipulizie kioo, inua kioo kidogo ili hewa ipite chini yake, na ufute vumbi kwenye feni ya ovahedi. Yangu ilikuwa imezibwa na vumbi karibu yote. Suluhisho lilikuwa mswaki mzee.

Doa likibaki, na lina rangi ya kahawia au zambarau, polaraiza imeungua. Polaraiza hula zaidi ya nusu ya mwanga, na mwanga ulioliwa unageuka joto. Hiyo hairudi.

Ukiona weusi kama wino uliomwagika, unaanzia kwenye ufa na unazidi kutambaa, kioo kimepasuka. Hapo ndipo useme kimekufa.

Mstari mmoja wima au mlalo si fuwele. Ni umeme haufiki, mara nyingi pale tepe nyembamba za waya zimebandikwa kando ya kioo. Gusa ukingo kwa upole. Mstari ukicheza, umepata ugonjwa.

Na kama huna uhakika, sogeza kioo inchi mbili. Doa likihama na picha, liko kwenye kioo. Likibaki palepale, ni lenzi chafu, au ni joto la taa linalochoma sehemu mpya. Na usiguse waya zozote kabla ya kuchomoa plagi.

Watu huniuliza historia inasaidia nini kama hailipi rent. Mimi naona yule fundi hakuniibia. Alikuwa anajua kubadilisha kioo, hakuwa anajua kioo kimetoka wapi. Na mimi sikumwambia kwamba doa lilikuja polepole, wala sikungoja asubuhi. Tukizoea kusema "imekufa" haraka, tunauza kwa kilo vitu vilivyo hai.

Mathe nilimwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na wewe, uliacha shule ama ulikuwa umeshika moto tu?"

Bado sijamjibu. Lakini mechi ya Jumapili iliyofuata ilifika dakika ya tisini bila doa, na 1,400 ya kwanza nilimpea yeye.