Kuvu Haiondoki na Jua

Kutulo iko kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwenye barabara itokayo Wajir kwenda Elwak. Ni nchi kavu. Mandera hupata wastani wa karibu milimita 250 za mvua kwa mwaka, na mazungumzo ya huko kuhusu maji kwa kawaida ni ya kisima, bwawa na bei ya mtungi. Mtu akiniuliza kwa nini niandike habari za madoa ya unyevu nikiwa na mji kama huo akilini, nitamkumbusha mwaka 2023. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, mvua za deyr, kama Wasomali wa huko wanavyoziita, zilitiwa nguvu na El Niño, mafuriko yakazikumba Mandera, Wajir na Garissa. Nchi kame ikipata mvua huipata kwa mkupuo; ardhi ngumu haiwahi kuyanywa maji, nayo maji hutafuta milango ya watu.

Maji yakishapungua, watu huzoa tope, hutoa magodoro nje, humshukuru Mungu. Wiki moja baadaye mama anasogeza kabati ili afagie nyuma yake. Ukutani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, pana madoa meusi ya mviringo yaliyoungana-ungana, yenye manyoyamanyoya ukiyamulika kwa tochi kutoka ubavuni, na harufu ya gunia lililolala na maji. Madoa haya yanaitwaje? Swali ni la kamusi, lakini jibu lake ndilo litakaloamua mkono wa yule mama uende wapi.

Wengi wetu tutasema ni ukungu. Ni neno zuri lililobebeshwa mizigo mingi mno. Ukungu ni ule mvuke unaofunika bonde asubuhi. Ni weupe wa alfajiri. Ni ugonjwa wa nyanya na viazi shambani. Tena ni manyoya ya mkate uliolala. Mtu akiingia dukani akasema, "Abti," yaani mjomba, "nipe dawa ya ukungu," muuzaji hatakuwa na kosa akimletea dawa ya kunyunyizia nyanya. Lakini hasara kubwa zaidi imo katika picha ambayo neno linaichora kichwani. Ukungu wa asubuhi huondolewa na jua. Anayeyaita madoa ya ukutani ukungu hufungua dirisha na kungoja, na kwa jua la Mandera ataona subira yake imezaa: ukuta umekauka, madoa yamefifia. Mvua za gu zikifika, yanarudi palepale, mapana kuliko mwanzo.

Watu wa pwani, wanaoishi na unyevu mwaka mzima, wana maneno mengine. Kanzu iliyokunjwa mbichi na kutiwa sandukuni huota kawa. Shida ni kwamba kawa pia ni kile kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukili, na vijana wengi hawalijui neno hilo kwa maana yoyote kati ya hizo mbili. Koga limo kamusini, ila siku hizi ndugu yake ukoga, ule uchafu wa meno, ndiye anayesikika zaidi. Fangasi tumelitoa Kiingereza, na zahanati zimelichukua: ukilitamka, msikilizaji anatazama vidole vya miguu.

Linabaki kuvu, na ndilo ninalolipigia kura. Vitabu vya shule hulitumia kwa kundi zima la viumbe wasio mimea wala wanyama, uyoga na hamira wakiwemo, kwa hiyo mwanafunzi wa Kutulo analikuta darasani kabla hajalikuta ukutani. Isitoshe, kuvu huandamana na kitenzi kuota. Ukisema ukuta umeota kuvu, umekiri kwamba pale pana kiumbe hai chenye kula na kunywa, na kwamba kimejishikiza.

Tena neno hili limekwisha kuzaa. Wataalamu wa kilimo wa Tanzania walipotafuta jina la aflatoksini, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga, waliunganisha mawili wakapata sumukuvu, na leo linatumika serikalini na redioni. Kenya tunalihitaji neno hilo kwa uchungu. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Uchunguzi ulionyesha kuwa waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba walikuwa hatarini kuliko walioyaweka ghalani. Kuvu ya guniani na ya ukutani si lazima ziwe aina moja, lakini zote mbili huishi kwa unyevu. Nyumba ambayo magunia ya chakula yameegemezwa ukuta uliolowa inahitaji kulijua neno hili mara mbili. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Basi fasili yangu ni hii. Kuvu ya nyumbani ni kiumbe hai kinachoota juu ya kitu chenye unyevu na chakula, kama mbao, karatasi, pamba, ngozi au vumbi la ukutani, kikipenyeza nyuzi zake ndani ya kitu hicho na kurusha hewani mbegu zisizoonekana kwa macho. Mbegu hizo zimo katika hewa ya kila nyumba, hata Kutulo katikati ya kiangazi cha jilaal. Kinachozizuia kuota ni ukosefu wa maji tu. Ndiyo sababu mafundi wa kazi hii duniani kote hupima muda kwa saa: kilicholowa kikikauka ndani ya saa 24 hadi 48, kwa kawaida kuvu haiwahi. Kikichelewa, inawahi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilihusisha nyumba zenye unyevu na kuvu na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Watoto na wenye pumu ndio wa kwanza kuumia.

Kuitambua ni kuitenga na mambo yanayofanana nayo. Masizi ya jikoni hukaa juu ya moto, hutoka kwa kidole kikavu, na hayana harufu ya uvundo. Unga mweupe kwenye matofali mara nyingi ni chumvi, maana visima vingi vya kaskazini mashariki vina maji ya chumvi na ndiyo hayo hukorogewa simiti. Udondoshee tone la maji, ukiyeyuka ni chumvi. Doa la tope nalo halibadiliki ukilidondoshea dawa ya kupaushia kama Jik iliyozimuliwa, wakati doa la kuvu hupauka katika dakika moja au mbili. Kisha fuata pua. Harufu ya uvundo ikiwepo na doa halionekani, tazama chini ya zulia, nyuma ya kabati, na juu ya dari kwenye matundu ya misumari ya mabati.

Sasa tufike kwenye nusu ya pili ya istilahi, ambayo ndiyo ngumu. Waingereza huita kazi ya kitaalamu ya kuishughulikia kuvu remediation, neno lenye asili ya Kilatini linalohusu kuponya. Mfasiri atavutwa aseme kutibu kuvu, lakini hapo mgonjwa amegeuzwa: nyumba ndiyo inayotibiwa. Matangazo ya biashara yanasema kuua kuvu, na neno hilo ndilo linalouza chupa za kupulizia. Mimi nalikataa, kwa sababu kuvu iliyokufa ikibaki ukutani bado humdhuru anayeivuta. Kusafisha nalo ni jepesi mno, hualika kitambaa na ndoo. Napendekeza uondoaji kuvu, kwa kuwa jina hilo linampa fundi kipimo cha kazi yake: je, imeondoka?

Fundi mwenye ujuzi huanza na maji kabla ya kuvu. Hutafuta yalikoingilia, iwe bati lililotoboka, msingi usio na mtaro au bomba linalovuja, na kupaziba. Hakuna uondoaji kuvu kwenye ukuta unaoendelea kulowa. Kisha hukitenga chumba kwa karatasi ya nailoni mlangoni, huzima feni ili mbegu zisisambae, na huvaa glavu, miwani ya kukinga macho na barakoa ya N95. Ile ya kitambaa haizuii mbegu hizo. Huunyunyizia maji kidogo uso wa kuvu kabla ya kuugusa, vumbi lisipae. Saruji, vigae na bati hupigwa brashi kwa maji na sabuni. Mbao ngumu husuguliwa kwa msasa. Godoro, zulia, na dari ya ubao laini au jipsamu vilivyoota kuvu hufungwa ndani ya nailoni na kutupwa, kwa kuwa nyuzi zimekwisha kuingia ndani na brashi haizifikii. Jik, ikitumika, haichanganywi kamwe na dawa yenye amonia. Mvuke wa mchanganyiko huo ni sumu. Rangi mpya huja mwisho, ukuta ukiwa mkavu kabisa. Kuipaka juu ya kuvu ni kuitandikia.

Doa lisilozidi takriban mita moja ya mraba mwenye nyumba anaweza kuliondoa mwenyewe kwa tahadhari hizohizo. Likizidi, au ikiwa nyumbani mna mtu mwenye pumu, aitwe fundi.

Nyumba ya kale ya mfugaji wa Kisomali, aqal, ilikuwa na uondoaji wake. Wanawake walioijenga kwa fito na mikeka waliweza kuibomoa asubuhi, kuanika kila mkeka na kuipakia juu ya ngamia kwenda uwanda mwingine. Hewa ilipita kila upande. Nyumba ya tofali na bati ni hatua ya maendeleo, lakini haisafiri wala haianikwi. Unyevu ulioingia ndani ya kuta hubaki na wenyeji. Maarifa ya kukausha lazima sasa yaingie katika maneno, maana hayamo tena katika mikeka.

Deyr nyingine itakuja. Yule mama ataingia dukani na kusema, "Abti, ukuta wangu umeota kuvu." Muuzaji aliyelielewa neno hatanyoosha mkono kwenye rafu ya chupa. Atamwita shangazi na kuuliza kwanza, "Eddo, maji yaliingilia wapi?"