Merikani, Mifarishi na Kanga: Jina la Aliyeshona Liko Wapi?



Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesomesha historia ya biashara ya Zanzibar huku Marekani. Kila mwaka nikifika karne ya 19 huandika ubaoni yale yale: pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, watumwa, na upande wa pili merikani, majora kwa majora. Wanafunzi wananakili, tunapita. Sikuwahi hata siku moja kuuliza pamba ya hiyo merikani ilichumwa na nani. Aliyenifanya niulize hakuwa mwanahistoria. Alikuwa mshonaji, na alifariki mwaka 1910.

Mwanzoni mwa Januari 2022 nilikwenda na binti yangu kwenye Museum of Fine Arts ya Boston, kuangalia maonyesho ya mifarishi. Kwa wale ambao neno hili limewapotea, mfarishi ni ile nguo nzito ya kujifunikia, iliyoungwa vipande vipande, ikatiwa pamba katikati, kisha tabaka zote zikashonwa pamoja. Iliyotutoa nyumbani na baridi ile ilikuwa miwili tu, ya bibi mmoja aitwaye Harriet Powers, iliyowekwa chumba kimoja kwa mara ya kwanza.

Powers alizaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1837. Wanaosoma historia yetu watashtuka kidogo hapo, kwani 1837 ndio mwaka ambao Richard Waters wa Salem alishuka Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Kabla yake, Septemba 1833, Sayyid Said alishatia saini mkataba wa biashara na Wamarekani. Salem ni mwendo wa nusu saa hivi kwa treni kutoka Boston. Sasa hebu tufuate uzi. Pamba ilipandwa na kuchumwa na watumwa wa Georgia, Alabama na Mississippi. Ikapelekwa kaskazini kwenye viwanda vya Massachusetts, ikafumwa. Majahazi ya Salem yakaileta Unguja, na misafara ikaichukua bara kununulia pembe na watu. Yaani jasho la mtumwa wa huku lilikuwa sehemu ya bei ya mtumwa wa kule. Biashara hiyo ilivunjika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi, lakini jina merikani likabaki midomoni mwetu mpaka leo.

Turudi kwa Bi Harriet. Alipopata uhuru alishona mfarishi wenye picha kumi na moja za hadithi za Biblia, kwa kukata maumbo ya watu na wanyama na kuyashonea juu ya kitambaa. Mwaka 1886 ulionyeshwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia. Mwalimu mmoja wa sanaa, mzungu, Jennie Smith, akataka kuununua. Bibi akakataa katakata. Baada ya miaka kama mitano maisha yakambana, akaja mwenyewe na gari la ng'ombe, mfarishi ameuzungushia magunia. Alitaka dola 10. Akapewa 5. Na baada ya kuuza, alikuwa akirudi mara kwa mara kwenda kuutazama tu.

Pale ndipo nilipoganda. Lakini kuna jambo jingine ambalo kwa mwanahistoria ni kubwa kuliko bei: kabla hajaondoka, Bi Harriet alieleza kila picha, na Jennie Smith akayaandika maelezo yale. Ndiyo maana tunajua. Mfarishi wake wa pili nao una maelezo. Picha mojawapo ni ya usiku wa Novemba 1833, nyota zilipodondoka kama mvua na watu wakadhani Kiyama kimefika. Yeye hakuwa amezaliwa. Aliyasikia kwa wazee, akayatia kwenye kitambaa. Sasa mnambie, kama hiyo si tarikh, tarikh ni nini? Na wasomi, kwa miaka mingi, wakaandika kwamba bibi huyu hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 2009 ndipo ilipochapishwa barua yake ya 1896, akijieleza yeye na kazi zake.

Kisa cha pili ni cha Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na mto pande tatu huko Alabama. Mwaka 1845 shamba lile lilinunuliwa na bwana Mark Pettway, ambaye baadaye aliwaleta watumwa wake karibu mia kwa miguu kutoka North Carolina. Mpaka leo watu wengi wa kijiji wanaitwa Pettway: jina la aliyewamiliki ndilo lililobaki kuwa jina lao. Wanawake wa hapo walishona mifarishi kwa matambara, magunia na nguo za shambani zilizochakaa, kwa sababu nyumba zilikuwa zinapitisha upepo. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alichukua nguo zake za kazi, akazikata, akashona mfarishi wa kujifunikia ili amkumbuke. Rangi ya suruali iliyopauka magotini unaiona wazi. Mwaka 1966, wakati wa kudai haki ya kupiga kura, wanawake wa eneo hilo waliunda chama cha ushirika, Freedom Quilting Bee, wakaanza kuuza kwa jina lao. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa Houston, kisha jumba la Whitney, New York, na mwaka 2006 ikawa stempu za posta. Sifa zikawa nyingi. Fedha je? Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani kudai haki yao, na mwaka uliofuata kesi zikamalizika. Kutoka dola 5 za Bi Harriet mpaka hapo ni zaidi ya karne moja, na suali ni lile lile.

Watu wa pwani tusijitoe. Mtumwa wa kwetu alivaa merikani, au kaniki, ambayo ni merikani iliyotiwa rangi. Baada ya amri ya 1897 ya kufuta utumwa Zanzibar, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakaingia kwenye kanga, na kwa kanga wakasema: sisi ni waungwana, tena tuna la kusema. Ila tazama kanga yenyewe. Kwenye pindo unasoma "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Mombasa lililoanza 1887. Jina la mwenye duka lipo. La mwanamke aliyetunga msemo na kuupeleka dukani halipo.

Ndio maana nawatazama kwa makini wasanii wanaoishika kazi hii sasa. Bisa Butler, aliyezaliwa 1973, baba yake Mghana, alisomea uchoraji Howard University, lakini kushona alijifunza kwa mama na bibi yake. Anachukua picha za zamani za watu weusi na kuzishona kwa vitenge vya rangi kali, ukubwa wa mtu mzima. Kazi yake moja ilikuwemo kwenye maonyesho yale ya Boston: timu ya besiboli ya Morris Brown College, Atlanta, kutoka picha ya 1899. Picha ya asili imebeba jina la chuo, haikubeba jina la mchezaji hata mmoja. Hana majina ya kuwarudishia, basi amewarudishia nguo. Na Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, mama yake akiwa mbunifu wa nguo, amechora kazi nyingi kwa umbo la kanga, pindo na msemo wake. Mwaka 2017 alipata Turner Prize, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Nyuma yao wanakuja chipukizi wengi, na wengi wanaanza hivyo hivyo, kwa sanduku la bibi.

Na hapo sanduku likanirudia mie. Tukiwa mbele ya mfarishi wa Bi Harriet binti yangu akaniuliza, "Baba, bibi alikuwa na sanduku zima la kanga. Hakukuelezea?" Alinielezea, kwa hakika. Nikienda likizo Ng'ambo alikuwa akizitoa moja moja: hii ya harusi ya fulani, hii nilimnunulia jirani aliyekuwa akinisengenya, hii sikuivaa hata mara moja. Nami nilikuwa nacheka, huku nasubiri kwenda Nyaraka kusoma barua za mabalozi. Mama alifariki 2009. Kanga tukagawa, kama ada. Mbili ninazo hapa ninapoandika. Misemo naisoma. Nani alikusudiwa, na ilikuwaje, sijui tena. Barua za Waters ninazo nakala zote.

Nguo hudumu kuliko mshonaji, lakini maelezo hayadumu asipotokea mtu wa kuuliza na kuandika. Jennie Smith alimpunja bibi wa watu dola 5, na bado kwa jambo hilo moja alifanya kazi ya historia kuliko mie mwenye shahada. Wengi wenu mna mama, shangazi na mabibi walio hai Muscat, Dubai, London, Mombasa, Unguja. Simu siku hizi ni bure. Mwambieni afungue sanduku, na mchukue kalamu.

Naomba kuwasilisha.